Zamu ya Shabani

Wenzangu mliokulia kwenye miteremko ya Meru wakati Mwingereza bado anatutawala, mtanielewa nikisema kwamba sisi tuliamshwa na maji. Kabla hakujapambazuka vizuri, mfereji ulikuwa umeshaanza kunong'ona nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, na mama alikuwa ameshanigusa kwa mguu nikachote kabla ng'ombe hawajaamka. Maji yale yalikuwa baridi ya kuuma meno, na yalinukia majani mabichi na udongo wa mlimani. Leo bomba la mjukuu wangu likikohoa hewa kidogo tu, analalamika mpaka jioni. Sisi tulibeba debe kichwani, tukarudi, tukala loshoro la jana, yale mahindi yaliyopikwa na maziwa mgando, kisha ndipo tukaianza njia ya shule.

Nyumbani kwetu kulikuwa juu kidogo ya Kikwe, pale mteremko wa Meru unapochoka na tambarare kuanza. Tulikuwa Walutheri, watu wa kahawa na ndizi. Nilisoma bila viatu, nikiwa na kaptula moja iliyofuliwa Jumamosi na kuvaliwa Jumapili ikiwa bado na unyevu. Nasema haya kwa kujivuna, wala silalamiki. Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kupanda meli, na wa kwanza kurudi kutoka ng'ambo na stashahada, tena ya elimu ya maji na samaki. Stashahada ya wakati ule haikugawiwa kama njugu arusini. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Lakini huko nitafika.

Kwanza mfereji. Mababu waliutoa kwenye kijito huko juu karibu na msitu, wakauzungusha ubavuni mwa mlima, ukapita kaya baada ya kaya. Kila kaya ilikuwa na zamu yake. Zamu yako ikifika, unaziba mkondo kwa vigogo vya mgomba na udongo, maji yanageukia shambani kwako. Ukimaliza unazibua, anapokea jirani. Aliyeiba maji ya mwenziwe alitozwa mbuzi, na mbuzi huyo aliliwa mbele ya macho yake. Mkuu wa mfereji alikuwa baba yangu, mtu mfupi, mkimya, mwenye koti zito la kijeshi alilolivaa hata juani. Sheria yake kubwa aliirudia kila siku: asubuhi maji ni ya kunywa. Asubuhi hukuruhusiwa kuosha hata kidole. Nguo, masufuria na miguu yenye mavi ya ng'ombe vilioshwa mchana, tena vilioshwa mkiani.

Mkiani ni pale mfereji ulipoiacha nyumba ya mwisho na kumwaga mtoni maji yaliyobaki. Chini ya hapo hakukuwa na mtu wa mfereji. Ndivyo tulivyofundishwa ustaarabu: uchafu wako upeleke mkiani, jirani yako asiuonje. Hata mabwana wa serikali walikuja kuutazama mfereji wetu, wakamsifu baba, naye akatembea kwa maringo juma zima.

Na pale mkiani mto ulijikunja ukafanya bwawa. Sijaliona bwawa jingine kama lile, nami nimeonyeshwa mengi, huku na ng'ambo. Lilikuwa la kijani ukingoni na jeusi katikati. Ukisimama kwenye jiwe ulikuwa unawaona perege wakipanga foleni kama wanafunzi, na chini yao kambare wazito wakijiburuta kwenye tope. Ukitia mguu, vidagaa vilikuja kukunyonya vidole. Kaa walitoka kwenye matundu wakatutazama tunavyovua nguo.

Hakuna mtu wa kwetu aliyewala. Mnakumbuka jinsi wazee wetu walivyomwona samaki: ni nyoka aliyekosa adabu akahamia majini. Kwa hiyo bwawa lilikuwa letu sisi watoto, na la mtu mmoja mwingine, Mzee Shabani.

Mzee Shabani alikuwa mtu wa Pangani, aliyeletwa bara akiwa mpagazi wa jeshi katika vita ya kwanza, akaachwa huku kama mzigo usio na mwenyewe. Wazee walimpa kipande cha ardhi kando ya bwawa kwa sababu walichekeshwa na ombi lake: hakutaka mahali pa kulima, alitaka pa kuvua. Akajenga kibanda, akaoa, akapata binti mmoja, Zuhura, wa rika langu. Alisuka migono, ile mitego ya fito inayofanana na kikapu kirefu, akaitega jioni. Mkewe, Mama Zuhura, aliwabanika samaki na kuwapeleka soko la Tengeru na kwa Waswahili wa mjini. Masika yote migono ilining'inia ukutani. Mama Zuhura alisema samaki ni wajawazito, na nyumba yenye wajawazito haivamiwi.

Mzee Shabani alipenda kututambia kwamba mto ule ule wa kwetu, baada ya kuzunguka sana, ndio unaofika kwao Pangani. Tulimcheka mpaka tukashika mbavu. Tuliwaza, mto gani wa kutembea hivyo, hauchoki?

Zuhura ndiye aliyenifundisha kuogelea. Alikuwa ananiita Mla Maganda kwa sababu ya ndizi zetu, nami nikimwita Mla Nyoka, na hakuna aliyekasirika. Siku moja mama yake alinipa kipande cha perege aliyebanikwa, chumvi na ndimu, moto moto kwenye jani. Nilikula mpaka mifupa. Niliporudi nyumbani mama alininusa mdomo, akanikamata sikio, akanisukutua kwa maji ya majivu huku akiuliza kama nimeamua kuwa mamba. Juma lile lote bakuli langu lilioshwa peke yake. Siku hizi wajukuu wangu wanakula samaki wa kopo na kulamba mchuzi wake vidoleni, na hawajui hata samaki mzima ana sura gani.

Kisha kahawa ikaugua. Hiyo ni baada ya vita ya pili kwisha. Majani yalipata madoa, matunda yakaanguka yakiwa mabichi, na bwana shamba akaleta dawa. Ilikuwa mrututu, chumvi ya buluu inayong'aa kama vipande vya mbingu. Ilichanganywa na maji na chokaa ndani ya pipa, ikatiwa kwenye pampu za mkono, ikanyunyizwa. Migomba ikawa ya buluu, koti la baba likawa la buluu, na sisi watoto tulipakana mikononi tukacheza mizimu. Kahawa ikapona. Nisiwe mtovu wa shukrani: kahawa ile iliyopona ndiyo iliyonisomesha.

Baba alitoa amri kali kuhusu dawa ile. Hakuna kuosha pampu nyumbani, hakuna kumwaga mabaki shambani kwa jirani, wala hakuna tone kuingia mferejini mahali ambapo mtu anachota chini yako. Watu walitii, maana mfereji ule ulikuwa na watu watiifu. Kila kaya ilipomaliza kunyunyiza, ilibeba pampu na pipa mpaka mkiani. Kaya zote, mahali pamoja, jioni ile ile. Wakaosha vizuri kabisa, wakarudi nyumbani wakiwa wamemtunza kila jirani.

Ilikuwa kiangazi, mto umekonda, bwawa halipati maji mengi kutoka juu. Kesho yake asubuhi nilishuka na wenzangu kuoga kabla ya shule. Tulidhani mtu ameanika nguo juu ya maji. Perege walikuwa wamelala ubavu kwa ubavu, matumbo meupe juu, kutoka ukingo hadi ukingo. Kambare wachache walikuwa bado wanapandisha vichwa, wakifungua mdomo na kuufunga, wakifungua na kuufunga, bila sauti. Kaa walikuwa wametoka majini wote, wamekwea mawe na mizizi, wamekufa wakiwa wameshikilia. Zuhura alikuwa amesimama hadi magotini akiwakusanya kwenye kanga, akimwokota huyu na kumwangusha yule, kama mtu anayetaka kuokoa vyombo nyumba inaungua. Baba yake alikaa kwenye jiwe. Hakutazama bwawa. Alitazama migono yake.

Kunguru walikuja kabla ya saa za shule, na kufikia jioni ya pili harufu ilikuwa imepanda mpaka kanisani.

Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuvua kwa utupa, ule mmea unaopondwa na kutiwa majini ili samaki walewe. Watu wa kwetu hawakuwahi kuutumia, wangevua ili iweje? Waliusikia tu kwamba ni ujuzi wa watu wa pwani. Mshili, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa eneo letu, alishuka na wazee mpaka kwenye kibanda cha Mzee Shabani, na nyuma ya kibanda, kati ya mihogo, akaukuta mti wa utupa. Nusu ya wakulima wa Meru wanao utupa shambani wa kufukuza fuko, hata sisi tulikuwa nao. Lakini wa kwetu ulikuwa wa fuko, na wa Mswahili ulikuwa wa samaki.

Shauri lilisikilizwa uwanjani mbele ya shule, na sisi watoto tukapewa ruhusa ya kukaa kwenye nyasi tujifunze sheria. Mzee Shabani alisema hakutia kitu, akakariri hivyo hivyo kila alipoulizwa, mpaka watu wakachoka kuuliza. Wengine walisema ametaka kuvua wote kwa mkupuo mmoja. Ndipo Mama Zuhura alipoinuka, bila kuruhusiwa, akamgeukia baba yangu na kumwita kwa jina la mtoto wake, yaani langu, kama mama wa jirani anavyomwita baba wa jirani.

"Baba Aminieli," alisema, "mume wangu akiwaua wote leo, kesho atatega nini?"

Baba alifikiri. Nawaapia hakuwa mtu mbaya. Akamjibu kwa upole ule ule aliokuwa anaamulia ugomvi wa maji:

"Mama Zuhura, sisi kesho yetu iko hapa. Ya kwenu iko pwani."

Hapo shauri likaisha. Waliambiwa waondoke kabla ya Jumapili. Walivunja kibanda wenyewe, wakabeba mlango na fito, na mshili akaichoma ile migono ili, kama alivyosema, ugonjwa usibaki. Zuhura alipita karibu nami akiwa na kuku kwapani. Nilitafuta utani wa kumtania, sikuupata, na yeye hakunitania.

Msimu uliofuata tukanyunyiza tena, tukaosha tena mkiani, kwa utiifu ule ule. Samaki wachache waliokuwa wameteremka kutoka juu wakafa tena, na safari hii hakukuwa na Mswahili wa kumshika. Watu walisema sumu ya Shabani bado iko kwenye tope. Bwawa likawa na maji yaliyosimama kimya, bila kitu cha kukunyonya vidole, na mbu wakawa wengi hata mama akahamisha kitanda chetu karibu na moshi wa jiko. Hatukuogelea tena.

Nikasoma. Mwenzangu niliyekaa naye dawati moja alikwenda kujifunza misitu Olmotonyi, akaona amefika. Mimi niliona Olmotonyi ni karibu mno. Nilifanya kazi za kila namna, nikaandika maombi mpaka wakubwa wakanichoka, nikapata nafasi ng'ambo katika nchi ambayo jua lake halina nguvu ya kukausha shati. Darasani nilikuwa Mwafrika peke yangu, na mtihani wa mwisho niliwaacha nyuma wengi ambao baba zao walikuwa na magari.

Siku moja mwalimu wetu aliweka samaki wadogo katika karai la kioo. Akachukua punje ya kitu kwenye kijiko, akaitia. Maji yakageuka buluu hafifu kama moshi. Samaki wakapanda juu, wakafungua mdomo na kuufunga. Wenzangu waliandika madaftarini. Mimi sikuhitaji kuelezwa kile ni nini, kwa maana nilikuwa nimekipaka mikononi nikicheza mizimu. Nililiona koti la baba mbele yangu, lenye madoa ya buluu kuanzia begani mpaka pindoni.

Nilirudi bendera ya Mwingereza ikiwa bado inapepea lakini imechoka. Nilishuka kwenye basi na suti, sanduku la bati na stashahada, na nyumbani walichinja. Baba alikuwa amezeeka. Nilingoja mpaka wageni waondoke, nikamweleza pole pole: mrututu, pampu, kiangazi, mkiani. Nikamwambia kwamba dawa inayotosha kuponya kahawa ya mlima mzima ilikutana kwenye bwawa moja jioni moja. Hakunikatiza. Aliuliza jambo moja tu, kama nina hakika. Nikasema nina hakika kama nilivyo na hakika ya jina langu.

Akasema, "Nipeleke kwa Shabani."

Tuliwapata mjini, mtaa wa Daraja Mbili, baada ya kuulizauliza kwa Waswahili wa zamani. Chumba kilikuwa kidogo, uani kuna jiko la makaa na chapati. Mama Zuhura alitutambua mara moja. Nikampa shikamoo, akaitikia, akatupa mkeka, akatutengea chai. Zuhura alikuwa ameolewa Moshi. Mzee Shabani alikuwa amekufa, siku nyingi. Baba alivua kofia akaishika kwa mikono miwili. Nikaanza mimi, na elimu yangu. Nilieleza vizuri sana. Mama Zuhura alisikiliza mpaka mwisho huku akigeuza chapati.

"Habari ile ilitutangulia mjini," alisema. "Mume wangu akipeleka samaki sokoni, watu wananusa wanaacha. Hata msikitini kuna waliokuwa hawataki kukaa safu moja naye. Alikufa anaitwa mtia sumu."

Baba akasema, "Tulikosea, mama."

"Mimi nilijua kuwa hakutia, na mwanangu alijua. Kutuambia sisi haisaidii. Rudini mkawaambie wale waliokuwa hawajui."

Tulirudi nyumbani. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, baba aliwaita watu wote wa mfereji. Wengine walikuwa wale wale waliokaa uwanjani siku ya shauri. Aliwaambia aliyeua bwawa ni yeye, kwa amri yake mwenyewe, na mikono iliyofanya ni ya kwao. Watu walinung'unika. Mzee mmoja aliuliza tangu lini samaki amekuwa mtu wa mfereji mpaka tumwogope. Baba akamjibu kwamba hilo ndilo kosa lenyewe: walimhesabu kila anayekunywa isipokuwa yule wa mwisho.

Na hapa wasomi wa siku hizi, wanaokwenda hotelini kufanya semina za uhifadhi na kurudi na mifuko yenye nembo, wanisikilize. Tulichimba shimo mbali na mto, likajazwa mkaa na changarawe, pampu zote zikaoshwa humo. Hilo nililichora mimi. Jambo la pili lilikuwa la baba, na nakiri lilikuwa kubwa kuliko langu. Alisema bwawa lihesabiwe kuwa kaya. Lipewe zamu kama kaya nyingine, siku nzima ya Jumatano, hakuna kuziba, maji yote yashuke mtoni yakiwa safi kama ya asubuhi. Atakayeyagusa atatoa mbuzi. Na kwa sababu kila zamu huitwa kwa jina la mwenye kaya, hiyo iitwe zamu ya Shabani.

Mambo hayo nimekuja kuyaona baadaye yameandikwa na wataalamu wa dunia kama wazo jipya. Kwetu yalitangazwa na mzee mwenye kofia mkononi. Jumatano ya kwanza Mama Zuhura aliletwa kutoka mjini, akasimama mkiani akasikia mpiga mbiu akitangaza juu kwa sauti kwamba leo ni zamu ya Shabani, na kaya baada ya kaya wakiitikia. Hakulia, na hakutushukuru. Alisikiliza mpaka kaya ya mwisho, akaomba arudishwe.

Baada ya masika kadhaa perege walirudi. Hawakuwa wengi kama zamani. Kambare sikuwahi kuwaona tena pale.

Baba alikufa, na wazee wa mfereji wakamfuata mmoja mmoja. Zamu ile ilidumu muda mrefu kuliko walioiweka. Mwaka juzi kamati mpya ilichaguliwa, vijana wenye pampu za petroli na mashamba ya nyanya, wamesoma, baadhi yao wana digrii. Wakapanga upya zamu kwa kufuata kaya. Walipofika Jumatano wakauliza huyu Shabani ni nani. Hana shamba. Hana nyumba. Hajalipa ada. Wakamfuta, siku yake wakampa mwenye nyanya.

Nilikwenda kwenye mkutano wao kwa fimbo yangu. Niliwaeleza yote, toka mrututu hadi Daraja Mbili, na niliwakumbusha mimi ni nani na nimesomea nini. Hawakunivunjia heshima. Mwenyekiti, kijana ambaye babu yake aliosha pampu mkiani pamoja na baba yangu, aliniamkia, akanipa kiti.

"Babu, hayo ya dawa na samaki tunayajua, tulifundishwa shuleni," alisema. "Lakini maji ni machache. Tunawapa walio hai."

Nilishuka mpaka bwawani. Mpira wa pampu ulikuwa umelala kwenye tope ukinyonya, na pembeni kulikuwa na vifuko vitupu vya dawa ya nyanya. Enzi zetu tuliliua bwawa lile bila kujua, tukamfukuza asiye na hatia, na tulipojua, mzee asiyejua kusoma alivua kofia mbele ya watu. Vijana hawa wanajua kila kitu. Sikupata la kuwafundisha.